Njia Iliyoanzia kwa Babu

Nkowe,
Ruangwa.
18 Mei 2025

Mpendwa kaka Linus,

Habari za huko unovisi, kwenye malezi yako ya utawa? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Songea? Sisi ningesema hatujambo, lakini ningekuwa nakudanganya.

Shangazi Koleta amelazwa Nachingwea tangu Jumanne. Kaka, naogopa sana. Aliyemfikisha pale ni mimi, kwa ile programu yetu ya kompyuta ya zahanati.

Alipelekwa zahanati ana homa kali, anaweweseka. Nesi Rukaiya akalifungua jina lake kwenye skrini. Jina ni lake, umri ni wake, ila penye "Dawa zinazomdhuru" pakasomeka "Hakuna". Akamchoma penisilini. Unajua mwenyewe shangazi na penisilini. Uso ukavimba, pumzi ikawa ya shida, bahati gari la misheni lilikuwepo.

Na taarifa imo ndani, Rukaiya aliiingiza mwenyewe mwaka jana. Kosa ni langu. Kisanduku cha jina na cha umri nilivipa njia fupi ya kufuata taarifa, inayoanzia kwa mgonjwa aliyefunguliwa. Cha dawa nikakiandikia njia nzima toka juu kabisa: nenda kwenye orodha ya wagonjwa, chukua wa kwanza, soma dawa zake. Basi afunguliwe yeyote yule, zinasomwa za wa kwanza tu.

Wa kwanza ni babu Teofili, ambaye hana dawa inayomdhuru. Si unatujua, kwetu hata ugali hauguswi mkubwa hajanawa. Niliona haifai jina lolote limtangulie babu. Nikajaribia kwake peke yake, na mtu akiwa mmoja njia zote mbili zinamfikia yeye. Nikakuonyesha, tukafurahi.

Nimeshairekebisha ianzie kwa mgonjwa mwenyewe. Nimepitia na visanduku vingine, lakini mwenzio siyaamini tena macho yangu. Ile sehemu ya watoto uliiandika wewe. Tafadhali muombe mlezi wako ruhusa ya simu, uniambie kama umeacha njia yoyote inayoanzia juu. Nimewaambia wa zahanati wasiitumie programu mpaka nikusikie. Kwa sasa wamerudia kadi za karatasi, na Rukaiya hanisemeshi.

Mama anakusalimu, halali siku hizi. Jirani yetu Jastin naye anakusalimu, ameuacha ufuta wake shambani ili anipeleke Nachingwea kwa pikipiki. Mungu akushike katika wito wako, nawe utuombee, hasa shangazi.

Salamu zake sijui nikuandikieje. Ana mpira wa oksijeni, hajaweza kusema. Jana nilimtajia jina lako akanibana kidole. Nikamuuliza kama amenisamehe, akakiachia. Sijui ndilo jibu, au ni usingizi tu.

Wako akupendaye,
mdogo wako Felomena