Pete ya Kaka Yako kwa Sonara

Katoro, 8 Juni

Wifi yangu Kabula,

Mwangaluka! Huku jua ni kali, na vumbi limenigeuza rangi ya tofali.

Jana nilipeleka pete ya marehemu kwa sonara aikate, mabinti wapate hereni. Ulinionya kwamba nikiivunja nimemmaliza kaka yako, kwa hiyo nilisita kumkabidhi. Mwalimu wa fizikia aliyekuwa akisubiri mkufu wake akadakia kwamba wataalamu huvunja hata kiini cha atomu ya dhahabu. Hukipiga kwa protoni, punje ndogo mno, yenye kasi ya ajabu. Kiini hupasuka, vipande vikatawanyika, na vipande hivyo si dhahabu tena.

Nikafumba ngumi. "Basi siitoi!"

Sonara akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mama Neema, mimi nina msumeno na moto wa gesi tu. Kasi hiyo niitoe wapi, kwenye bodaboda?"

"Moto huo haukigusi kiini," mwalimu akanituliza. "Akate apendavyo, kila kipande kitabaki dhahabu ileile."

Nikaachia. Mabinti wamepata hereni, na kikabaki kipande kidogo kama punje ya mtama. Nimekutengenezea kipini cha pua, wifi. Wakikushangaa kanisani, waambie ni kaka yako, bado anakuvuta pua kama mlipokuwa wadogo.

Unikumbuke katika sala zako.

Wifi yako,
Mama Neema