Maili Mia Tano za Kwanza

Mpendwa shemeji Njuguna,

Mvua imeanza mapema mwaka huu na udongo wa kaburi lako umeshatulia. Chebet amepanda maua ya njano upande wa kichwani. Mimi nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya shamba la chai, saa ya chakula cha mchana, na karani amenipa karatasi bila kuniuliza ni za nini. Nina jambo ambalo nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Nilipata nafasi nyingi, na kila moja niliiacha ipite.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda chetu cha chai huku Kimulot, nami nilikuwa tarishi, nikipeleka barua za ofisi hadi Kericho kwa baiskeli. Siku moja mnyororo wangu ulikatika mbele ya kiwanda, ukauunga huku ukiimba wimbo wa kwenu ambao sikuuelewa. Jioni ulikuja nyumbani kuniazima pampu, ukamwona dada yangu Chebet. Pampu ile ukaisahau kwetu mara tatu. Mama alisema hawezi kumwoza binti yake kwa mtu asiyejua hata kutoa salamu yetu ya chamgei, nawe ukajifunza. Ulikuwa ukisimama mlangoni unaitamka vibaya, unarudia, mpaka mama akacheka na kukukaribisha mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. Uliinywa yote, ingawa niliona macho yako yakitoka machozi.

Mlipooana ukahamia Kericho mjini na kufungua gereji yako nyuma ya duka la nguo. Na hapo ndipo pikipiki ile ilipokuja.

Ilikuwa ya kijana Mzungu wa shambani, mpenda mashindano. Usukani wake ulikuwa chini hata dereva akawa amelala juu ya tangi kama mtu anayesikiliza ardhi. Aliipasua injini, na aliporudi kwao akakuachia wewe, kwa sababu uliwahi kuokoa mtambo wa kukaushia majani wakati chai ilikuwa imejaa kiwandani. Kwanza uliitengeneza tu iende. Tuliipanda tukaenda nayo hadi Litein, mimi nyuma nimekushika kiuno, nikameza vumbi jekundu njia nzima. Kwenye tambarare ilikuwa nzuri. Lakini ilipofika mlima wa kupanda Kimulot ilihema, ukarudisha gia, ukarudisha tena, mpaka akina mama waliobeba kuni wakawa karibu kutupita. Ulishuka ukaweka mkono kwenye silinda.

"Injini hii imebanwa pumzi," ukasema. "Nitaifungua kifua."

Ulifanya kazi hiyo miezi mingi, Jumapili baada ya kanisa. Ulichonga silinda, ukapata pistoni mpya yenye kichwa kilichoinuka, ukaweka kabureta kubwa zaidi, ukapiga msasa njia za hewa mpaka ndani zikang'aa. Springi za valvu ulizitoa kwenye injini nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nakaa juu ya debe nikikupa spana, naye binti yako Wambui, akiwa na umri wa miaka miwili, analala kwenye kapu la chai pembeni. Tuliahidiana jambo moja pale. Ile barabara iliyonyooka upande wa Kabianga, tuliyokuwa tukiitazama kila tukipita, tungeijaribia injini hapo pamoja. Wewe mbele, mimi nyuma. Tulipeana mikono yenye grisi.

Ulipomaliza ukanipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa njiani kila siku. Injini mpya lazima ilainishwe. Uliniambia nisifungue mafuta kupita nusu kwa maili mia tano za kwanza, pistoni na silinda zizoeane. Uliniambia mara mbili, ukanishika sikio kama mtoto ili nisisahau.

Acha nikuambie ilivyokuwa, maana hatukuwahi kuzungumza vizuri. Kuiwasha kulikuwa vita. Teke la kuwashia lilirudi na kunipiga muundi mpaka nikachechemea wiki nzima. Ikisimama ilitetemeka na kukohoa, haikutaka kwenda polepole. Lakini mlima ule wa Kimulot, Njuguna, niliupanda kwa gia ya tatu, mafuta nusu tu, na haikuhema. Nilisikia kifua chake kikivuta hewa kati ya magoti yangu. Kila siku nilikuwa nahisi kuna kitu kingine ndani yake ambacho sijakigusa, mbele kidogo tu ya pale mkono wangu ulipokatazwa kufika. Breki zilikuwa zile zile za zamani, na kwenye kona niliziogopa. Nilifika karibu maili mia mbili hivi kwa utii.

Kisha ikaja ile Alhamisi.

Hali ya Hatari ilikuwa imeshafika huku kwetu. Wakikuyu wenzako wa mjini walikuwa wakikusanywa na kupelekwa wasikokujua, hata waliozaliwa hapa, hata waliooa hapa. Asubuhi dereva wa lori la maziwa alileta ujumbe kutoka kwa Chebet. Umechukuliwa tangu jana, uko ndani ya uzio karibu na polisi, na malori yataondoka saa sita mchana. Mwenye barua ya kumdhamini huenda akaachwa.

Nilikimbia kwa bwana wa mitambo, yule mzee uliyefanya kazi chini yake miaka saba. Aliandika palepale, akisimama, karatasi juu ya pipa. Aliandika kwamba anakujua, kwamba hujawahi kula kiapo cha Mau Mau, kwamba kiwanda kinakuhitaji. Akanitia bahasha mkononi na kunitazama. Ilikuwa saa tatu kasoro. Njia ya kufika Kericho kwa pikipiki ile ilikuwa saa moja na nusu kwa mwendo wa taratibu.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, shemeji.

Nilikuwa na muda. Niliupigia hesabu nikaona unabaki mwingi. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi za ukungu, barabara ilikuwa imekauka bila kuwa na vumbi, na injini ilikuwa imeamka vizuri asubuhi hiyo. Nilikuwa na hakika kwamba barua ile itakutoa. Nilikwisha kukuona moyoni umetoka, unacheka, unanipiga begani. Nilikuwa na furaha, Njuguna. Nilipofika njia panda ya Kabianga nikakata kona.

Nilijiambia nitakwenda mara moja na kurudi. Nilifika mwanzo wa barabara ile iliyonyooka, nikalala juu ya tangi kama yule kijana Mzungu, nikafungua mafuta yote.

Kwanza hakikutokea kitu, ilisita kidogo kama iliyoshangaa. Halafu ikashika. Ilinivuta mikono mpaka mabega yakauma. Gurudumu la mbele likawa jepesi, sauti ikapanda ikawa nyembamba, na mistari ya chai pande zote mbili ikayeyuka ikawa rangi moja ya kijani. Ilienda kama ng'ombe aliyenusa chumvi. Nilipiga kelele ndani ya upepo na sikusikia sauti yangu mwenyewe. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, kabla ya hapo wala baada yake. Na kwa maili zile zote sikukukumbuka hata mara moja. Nilifika mwisho, nikageuza, nikairudia barabara yote tena.

Nilipokuwa narudi kwenye njia ya Kericho, kwenye kilima, nikasikia harufu ya chuma cha moto. Nilipunguza, lakini nilikuwa nimechelewa. Pistoni ilishika ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likafunga, nikaburutwa hadi mtaroni. Niliinuka nikiwa na damu kwenye kiwiko. Bahasha ilikuwa salama ndani ya shati. Niliisukuma pikipiki ndani ya chai nikaanza kukimbia. Nilikimbia mpaka miguu ikakataa, nikatembea, nikakimbia tena. Mwishowe nilibebwa na gari la kuni lililokuwa likienda polepole kuliko mimi.

Nilifika uzio ukiwa wazi. Kulikuwa na alama za magurudumu kwenye tope, na kiatu kimoja cha mtoto. Karani wa polisi aliisoma barua yangu, akaikunja vizuri, akanirudishia. Aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba watu wawili walioletewa barua asubuhi ile walishushwa kwenye lori.

Chebet alikuwa amekaa chini ukutani na Wambui mgongoni. Nilimwambia injini ilikufa njiani. Akaitazama damu yangu, akalia, akaniambia asante kwa kujaribu.

Walikuweka kizuizini miaka minne kasoro, shemeji. Chebet alirudi kwa mama na kuchuma chai. Barua zako zilikuja chache, na maneno mengine yamefutwa kwa wino mweusi. Niliirudisha pikipiki nyumbani kwa mkokoteni nikaifunika kwa gunia kwenye ghala la mahindi, na kila nilipoingia kuchukua mahindi niliipa kisogo.

Kisha ukarudi. Siku ile Wambui alijificha nyuma yangu kwa sababu hakukujua. Ulikuwa umekonda, na kifua chako kilitoa sauti ya maji. Uliomba msamaha kwa mama kwamba umesahau baadhi ya maneno ya Kikipsigis. Siku ya tatu ukauliza pikipiki iko wapi.

Uliifungua mwenyewe, uani, asubuhi. Nilikaa juu ya debe nikikupa spana kama zamani. Ulitoa kichwa cha injini, ukatoa silinda, ukaishika pistoni juani. Ilikuwa na michirizi mirefu upande mmoja. Ulipitisha kidole gumba juu yake pole pole. Fundi kama wewe hawezi kudanganywa na chuma. Ulijua kwamba niliifungua kabla ya wakati.

"Ilikuwa siku ile?" ukauliza.

Nikasema ndiyo.

Uliiweka pistoni chini. Kisha ukaweka mkono wako shingoni kwangu, mkono mwepesi kama wa mzee.

"Uliiua ukinikimbilia," ukasema.

Halikuwa swali. Mimi niliinamisha kichwa, nawe ukaichukua kuwa ndiyo. Ningekuambia palepale. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini ulikuwa unanitazama kwa upendo ambao sikuwahi kuuona kwa mtu yeyote, nami niliutaka. Hiyo ndiyo kweli. Niliutaka, nikauchukua.

Ukamwambia Chebet. Ukamwambia mama. Ukawaambia wazee wa kanisa kwamba una shemeji aliyevunja pikipiki na karibu ajivunje mwenyewe ili akuokoe. Mimi nilikuwa nakaa hapo nikinywa chai.

Uliijenga injini upya. Ilikuchukua muda mrefu kwa sababu ulikuwa ukisimama kukohoa. Safari hii hukuniachia kuilainisha. Tuliilainisha pamoja, mwendo wa kutembea, maili zote mia tano, na naamini siku zile zilikuwa njema kwako. Tulikuwa tunasimama kwenye daraja, unatema damu majini, unafuta mdomo, tunaendelea.

Halafu ukanipeleka Kabianga. Wewe mbele, mimi nyuma, kama tulivyoahidiana. Ulisimama mwanzo wa barabara ile na kugeuza uso, ukacheka.

"Leo ni mara yetu ya kwanza," ukasema.

Ukaifungua. Iliondoka laini zaidi kuliko ile siku yangu, bila kusita, maana uliiunda kwa subira. Nilikuwa nimekushika kiuno na kuhesabu mbavu zako kupitia koti. Nilisikia ukicheka ndani ya upepo, na mimi nyuma ya mgongo wako nilikuwa nalia. Tulipofika mwisho ulizima injini, ukaniuliza ilikuwaje. Nikasema sijawahi kupanda kitu kama hicho.

Huo ulikuwa uwongo wangu wa mwisho kwako. Baada ya miezi michache ulilazwa hospitali na hukutoka. Nilikuja kukuona kila Jumamosi. Jumamosi ya mwisho ulikuwa huwezi kusema, ukanishika tu mkono, nami nilitazama dirishani mpaka muuguzi akaniambia muda wa wageni umekwisha.

Sijui kama barua ile ingekuokoa. Watu huniambia mambo yale hayakuwa na utaratibu, wengine walikuwa na barua tatu na bado walikwenda. Huenda. Lakini wawili walishushwa, nami sikuwepo, na sababu ya kutokuwepo kwangu ilikuwa furaha yangu mwenyewe tu.

Sasa Wambui ana umri wa kusoma, na mdogo wake aliyezaliwa baada ya wewe kurudi ameanza kuuliza habari zako. Jumapili iliyopita Chebet aliwakalisha karibu na moto akawasimulia jinsi mjomba wao alivyokimbia na barua. Aliisimulia vizuri. Yule mdogo alikuja akapanda mapajani mwangu, akanigusa kovu la kiwikoni kwa kidole, kwa heshima. Niliondoa mkono wangu nikatoka nje.

Kwa hiyo leo jioni nitakapotoka kazini nitapita kwa Chebet, nitampa karatasi hizi, nitakaa kwenye kiti wakati anasoma. Anaweza kunifukuza. Anaweza kusema watoto wasinijie tena. Sitaeleza zaidi ya nilivyoeleza hapa, na sitamwomba asiwaambie.

Wewe siwezi kukukalisha usome. Ulinipenda kwa jambo ambalo sikulifanya, na umeondoka nalo. Lala, shemeji. Karani ananiita, kuna barua za kwenda Kericho.

Mimi, ndugu wa mke wako,
Kiprono