Upindo wa Gauni

Mlalo, 9 Machi 1974

Kaka Sefania,

Shikamoo. Huku hatujambo. Viazi vimeota vizuri, na ng'ombe wa mama amezaa ndama jike.

Kuhusu huu mgongo wangu uliopinda, najua daktari wa huko Dar es Salaam anangoja jibu. Mwaka jana nilisema upasuaji usubiri, maana mgongo hauniumi sana, na kulala kitandani miezi mizima si mchezo kwa mwenye shamba.

Juzi nilipata kitambaa duka la ushirika, nikampelekea Fundi Ramadhani. Tangu usichana wangu hunikatia gauni upande mmoja mrefu, ili upindo ukae sawa nikilivaa. Hajawahi kulisemea. Safari hii alinipima, akanipima tena, halafu akakikunja kitambaa na kukifungia kabatini.

"Mwanangu, kila mwaka naongeza upande huu," alisema. "Hiki nitakikata ukishatoka hospitali."

Siku hizi nikipanda kwenda kanisani lazima nikae njiani nivute pumzi. Hilo sikukuandikia.

Basi mwambie daktari nakuja tukishavuna viazi. Kitambaa ni cha buluu, kina maua madogo, na nataka kukivaa Krismasi.

Ni mimi mdogo wako,
Jenoveva