Mawe Chini ya Chekechea

Jumanne, 9 Julai

Tumepata kiwanja! Mwenyekiti wa kijiji, Didace, amesimama kwenye mkutano akasema ule uwanja wote wa mchanga, kuanzia kwenye mitumbwi mibovu mpaka njia ya kisimani, ni wa chekechea. Watu wakapiga makofi. Watu wenyewe wachache. Serikali imefunga ziwa tangu Mei ili samaki wazaliane, wavuvi wanalala tu, wanawake wa dagaa wameenda kulima vibarua huko Kasekese. Kijiji kimebaki na wazee, mbuzi, na sisi wa kanisani.

Jirani yangu Evaline alikaa pembeni yangu. Yeye hakupiga makofi. Alinishika goti, akaacha mkono pale mpaka mkutano ukaisha. Denis wake alizama mwaka jana, mchana kweupe, mama mtu ameinama anageuza dagaa. Aliinua kichwa, mtoto hayupo. Siku ya mazishi nilimwambia nitajenga mahali pa kuwaweka watoto hawa mama zao wakiwa kazini, hata kwa kucha zangu. Mimi ni darasa la saba, ndiyo. Lakini watoto wa mafundisho wananijua. Wakiniona wanakaa.

Paroko ametupa mabati. Sharti lake: yawe juu ya ukuta kabla Septemba haijaisha, la sivyo yanaenda kigango kingine, wapo wengi wanaoyalilia.

Mama Maria, unaona. Nisaidie nisigombane na mtu.


Alhamisi, 18 Julai

Fundi Ngolo anataka mawe ya msingi. Lori la mawe kutoka kule mlimani – hapana, nisiandike bei, nitapandwa na presha bure. Basi nikaangalia mbele yangu nikacheka. Uwanja wenyewe umejaa mawe! Yamelala juu ya mchanga, makubwa kama kichwa cha ng'ombe, hili hapa, hili kule. Mengine yana chokaa, mengine rangi ya bluu au nyekundu. Nikajua ni wavuvi wanapaka mitumbwi halafu wanapangusia brashi zao.

Akina mama wa kanisani tukajitwisha tukiimba. Mpaka mchana uwanja ulikuwa mweupe kama shuka. Wazee walikaa kule kwenye kivuli cha ghala wanatutazama. Mmoja alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho. Nikampungia mkono.

Evaline hakuja kubeba. Tangu Denis afe hajakanyaga ule mchanga, na simlaumu. Alituletea uji mpaka barabarani, akaishia hapo, mgongo kaupa mchanga.


Jumamosi, 3 Agosti

Jamvi la zege limemwagwa. Ngolo amelilainisha mpaka unaweza kulala bila mkeka. Kuta zinapanda. Nimekaa pale jioni nikasali rozari nzima, nikawaona watoto wamekaa kwa mistari, kila mmoja na kikombe chake. Mume wangu Silvester – katekista, mtu wa maneno machache – akaja, akagonga sakafu na kisigino, akasema, "Hii imeshika." Kwake hiyo ni hotuba.


Alhamisi, 15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Lakini mwezi mkubwa, usiku kama mchana, dagaa hawafuati taa. Wavuvi wanashona nyavu, wanangoja giza. Wanawake wameanza kurudi kutoka Kasekese, mmoja mmoja. Wanapita pale kwenye jengo, wanasimama, wanaondoka. Hawasalimii. Nadhani wamechoka na safari.


Jumapili, 25 Agosti

Leo nimetukanwa mbele ya mlango wa kanisa.

Tumetoka misa, nimevaa kitenge changu cha umoja wa akina mama, huyo hapo Nasma. Ndiye mkubwa wa wanawake wa dagaa, mjane, anauza mpaka Mpanda mjini. Nyuma yake wenzake, kundi zima.

"Mama Katekista," anasema, "mawe yetu yako wapi?"

Mawe gani?

Ndipo nikaambiwa. Kila jiwe pale uwanjani lilikuwa mpaka. Kila mwanamke ana kipande chake cha mchanga cha kuanikia, amekipata kwa mama yake, na mama kwa bibi. Hakuna karatasi. Mawe ndiyo yanajua. Lile la bluu aliliweka mama yake Nasma. Kutoka bluu mpaka la chokaa ndipo walipotoka watoto wake wote, kula yao na shule yao. Hata kipande ambacho hatukujengea, sasa hakuna anayejua kinaanzia wapi. Asubuhi hii wawili wameshikana nywele, mtu na wifi yake, kila mmoja anasema umeingia kwangu.

Nikasema ukweli. Yako chini ya zege.

"Basi lipasue."

Nikamwambia siwezi kupasua, hiyo ni nyumba ya watoto.

"Watoto wa nani? Mpimbwe wewe, umezaliwa kwenye mpunga, mchanga utaujulia wapi? Ungekuwa unaona mawe kwenye jaruba la mama yako ungeyabeba?"

Watu wakacheka. Watu wa kanisani nao wakacheka! Mtu ambaye juzi tumekula naye sahani moja.

Nilitaka kusema sikujua, naomba radhi. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alivyonitazama – kuanzia viatu kupanda juu, kama mtu anayepima kuku mgonjwa – nikasema, "Wakati tunabeba mbona hukuwepo?"

Namchukia yule mwanamke. Nimeandika, nimeona, sifuti.


Jumatano, 28 Agosti

Nimeenda kwa Didace aje awaambie kwamba kijiji ndicho kilichotoa uwanja. Alikuwa anakula. Hakunikaribisha hata maji.

"Mimi nilitoa uwanja," anasema. "Mawe sikutoa."

Na hao wazee waliokuwa wanatutazama? Nimemfuata yule aliyekuwa anacheka. Mbona hukutuambia, babu? Akasema, "Mlikuwa mnaimba vizuri."

Nimelia njiani. Hasira, si huzuni. Kijiji hiki kina roho mbaya mpaka kwenye kuni zake.


Ijumaa, 30 Agosti

Asubuhi nimekuta wameandika kwa mkaa ukutani: NYUMBA YA MAWE YA WIZI. Herufi nzuri, zimenyooka. Mtu aliyesoma.

Nikakata miiba, nikazungushia jengo lote. Jioni narudi, miiba hakuna. Wamekokea moto wa chai. Nasma akaniinulia kikombe kutoka mbali, "Ahsante kwa kuni, mama, karibu."


Jumapili, 1 Septemba

Sikupokea komunyo. Nilibaki nimekaa kwenye benchi, wenzangu wanapanda mstari, wananiruka magoti. Ningepokeaje na hili lililoko ndani? Silvester aliniona kutoka kule mbele. Nyumbani akasema, nenda ukapatane na Nasma kwanza. Nikamwuliza, nipatane na mtu anayesema watoto wangu wakasomee tumboni mwa samaki? Akachukua kitabu chake cha sala, akatoka nje.

Maana kabla hatujatoka kanisani, kwenye matangazo baada ya misa, nilipopewa nafasi niseme habari za kuandikisha watoto – sijui nini kilinipanda. Nikasema: mtoto ambaye mama yake anatukana chekechea, hataandikwa. Mwenye dagaa zake abaki na mtoto wake huko huko kwenye dagaa.

Nilijisikia vizuri. Nusu saa hivi nilijisikia vizuri sana.

Evaline alinifuata mpaka nyuma ya nyumba. Hakupandisha sauti, akaniita kwa jina la mwanangu kama siku zote.

"Mama Kalisti, hao wa huko kwenye dagaa si ndiyo wanaozama?"

Nikasema mdogo wangu, wewe hujui nilivyotukanwa.

"Kwa hiyo hii chekechea ni ya nani? Ya watoto wako wa mafundisho? Hao mama zao wanakaa nyumbani."

Nikamwambia kama yuko upande wa Nasma aende kwa Nasma. Akachukua bakuli lake ambalo lilikuwa kwangu tangu Pasaka, akaondoka.


Jumanne, 3 Septemba

Giza limeingia. Taa za mitumbwi zilikuwa nyingi kule ndani, na alfajiri zimerudi zimejaa. Nilisikia kelele nikajua wamepata.

Nimefika kwenye jengo. Wameanika dagaa chumbani! Kwenye jamvi langu! Ukuta kwa ukuta, zinang'aa kama misumari. Paa bado, kenchi tu ndiyo zimepanda, jua linaingia lote. Nasma katikati, kanga kiunoni, anageuza na ufagio. Anajua ninaingia, hageuki.

"Mawe yetu ndiyo yameibeba hii nyumba," anasema. "Tumekubaliana wote. Kila mtu yuko juu ya la kwake."

Na ule ugomvi wao wa mipaka umekwisha! Wamegawana sakafu kwa kufuata kenchi, kila kenchi mtu, na wale waliovutana nywele wamekaa pamoja wanachambua. Mimi ndiye nimewapatanisha. Kwa kuchukiwa.

Mwingine akachukua dagaa mmoja, akamvunja, akanionyesha. Hana mchanga hata chembe. "Mpanda watatupa bei hawa. Umetujengea vizuri, mama."

Hawakuwa wanatania. Hilo ndilo lililoniuma.

Watoto wao walikuwa nje, kwenye mitumbwi. Nimewaona. Kuna mmoja alikuwa na maji mpaka kiunoni. Nikafungua mdomo nimwite, nikakumbuka nilichosema Jumapili, nikafunga. Kisha nikamwita. Hakuja. Kwa nini aje?


Jumatano, 4 Septemba

Paroko amepiga simu. Mabati yanaletwa kesho na pikapu. Anasema ana furaha nasi. Sikumwambia kitu. Nimesema tu, "Tumsifu Yesu Kristo, baba," nikakata.

Bati likipigiliwa, chumba kinakuwa kivuli. Hawana pa kuanika tena. Kwisha. Nimelala nikiwa nimefurahi kwa jambo hilo, nimeamka nikiwa bado nimefurahi. Hii furaha naijua, haikutoka kwako, Bwana. Lakini niache nayo kidogo.


Alhamisi, 5 Septemba

Naandika hapa hapa, nimekaa kwenye tofali nje ya mlango, daftari gotini. Lazima niandike, la sivyo nitapiga mtu.

Pikapu imekuja, imeshusha mabati kwenye mchanga, imeondoka. Ngolo ameegemeza ngazi. Ana nyundo, ana misumari mdomoni. Ndani dagaa zimetandazwa mpya, za usiku wa leo, mbichi bado. Wanawake wamesimama kwenye kuta. Nasma amekaa chini kabisa katikati ya chumba, miguu ameinyoosha.

"Pigilia," anamwambia Ngolo. "Zikioza humu ndani, Mama Katekista atawafundishia watoto wake kwenye uvundo."

Nikasimama mlangoni nikasema yale niliyoyapanga usiku kucha. Kwamba kijiji kimetoa, kanisa limetoa, kwamba nyie hamna aibu, watoto wenu wanakufa na nyie mnahesabu mawe. Nilisema hivyo. Watoto wenu wanakufa.

Hapo ndipo nilipomwona Evaline.

Alikuwa anatoka kwenye njia ya kisimani na beseni la dagaa kichwani. Akafika mwisho wa nyasi pale mchanga unapoanzia, pale anaposimamaga siku zote. Nikajua atageuka. Hakugeuka. Akakanyaga. Alitembea kama mtu anayepita kwenye makaa, kila mguu anauangalia, mpaka mlangoni. Akanipita. Bega lake lilinigusa.

Akavua ndala akaziweka nje. Nasma akasogea, akamwachia nafasi kwenye kona chini ya kenchi ya mwisho. Evaline akainama, akaanza kumwaga dagaa zake, taratibu, anazitandaza kwa kiganja. Hakuna mwanamke aliyemgusa, hakuna aliyemwambia pole. Wakaanza tu kugeuza na wao, wote, pamoja naye.

Mtoto mdogo wa mmoja wao akachungulia mlangoni, miguu ina maji ya ziwa. Evaline akainua kichwa. "Wewe ingia hapa," akamwambia. "Kaa hapo nikuone." Mtoto akaingia, akakaa kwenye kona, akaanza kuchezea dagaa. Akaja mwingine. Wa tatu akaitwa na mama yake mwenyewe.

Nikaingia na mimi. Sijui nilikuwa naenda kufanya nini, kumtoa Evaline au kukaa naye. Nikanyanyua mguu.

"Mama Katekista," Nasma akasema. Sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwambia mgeni nyumbani kwake. "Viatu."

Wote wakanitazama. Nikatazama sakafu yangu. Nikavua.

Ngolo bado yuko kwenye ngazi. Ametema misumari mkononi, ananiuliza kwa mara ya pili sasa, jua linapanda na bati la kwanza ameshalibeba begani: mama, nipigilie nisipigilie?

Nimemwambia ngoja. Nimetoka hapa nje kuandika, na viatu bado nimevishika. Ndani watoto wameongezeka. Evaline anawahesabia dagaa, moja, mbili, na wao wanaitikia, wanakosea baada ya tano, na Nasma anawacheka kwa sauti kubwa.

Ngolo ananiita tena