Kondoo wa Mlima Mmoja

Jumanne

Nilijisumbua bure! Wiki nzima niliogopa kwamba mama mkwe akifika kutoka Isangi atanipokonya jiko, na mume wangu atasahau chakula changu.

Leo mama alikaa akitwanga pondu, yale majani ya muhogo, akaniambia: "Bon, mutoto wangu, samaki na pondu iko yangu. Wali ya kwenu Maniema miye sijui. Iko yako."

Mume wangu, mwalimu wa biolojia, akacheka. "Kama kondoo wa porini! Aina mbili, mlima mmoja. Hawa wanakula karibu na majabali, wale kwenye miteremko ya wazi. Hawagombani."

"Kondoo ni nani?" mama akauliza, mchi juu.

Nampenda mwanaume huyu, jamani! Na mama… mezani mama alijiongezea wali wangu mara mbili.