Shamba la Ukoo wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Kihonda. Umeme umekatika tena kabla ya chai. Bado nahangaika na mfumo wa chama cha wakulima wa mboga. Wakulima jedwali moja, mashamba jedwali jingine, na aliyeujenga hakuweka uhusiano wowote kati ya hayo mawili. Uzembe mtupu. Sasa kompyuta inasema mashamba ya koo huko mlimani hayana wenyewe. Na Jumamosi chama kinagawa upya yasiyo na mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Evarist, meneja wa mradi, ametoa amri: tuunganishe mkulima na shamba kwa jina la baba. Eti zana yetu ya kuuliza kanzidata haiwezi kuunganisha vitu visivyotangazwa kuwa na uhusiano. Uongo. Unavitaja vyote viwili, unaandika sharti mwenyewe, inaunganisha. Hajasoma maelekezo. Na huyu ni Mluguru, mzaliwa wa Mwembesongo. Anajua fika kwamba kwetu shamba hufuata ukoo wa mama. Anaona aibu kumweleza mfadhili wa mradi. Namdharau msomi anayewaonea aibu wajomba zake.

Jumatano, 5 Machi
Bibi Odilia ameshuka kutoka mlimani. Analima njegere na kabichi. Shamba lake limo kwenye orodha ya kugawiwa. Nikamwamkia. Akauliza kama ni kompyuta iliyomnyang'anya. Nikasema ni watu.
"Basi waambie hao watu, mwanangu, mama yangu kazaliwa palepale kwenye migomba. Baba yangu alikuja na shoka tu."
Nimeshindwa kula mchana.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio la kwanza nilisahau sharti. Mashine ikamwoanisha kila mkulima na kila shamba. Katekista mmoja akamiliki Uluguru nzima. Nikajitukana. Nikaandika: ukoo wa mkulima uwe sawa na ukoo wa shamba, kijiji kiwe kilekile. Jibu likaja papo hapo. Shamba la Bibi Odilia lina watu kumi na mmoja, yeye na ndugu wa ukoo wake.
Evarist akachungulia. "Dada, hilo ni kosa. Mfadhili anataka jina moja kwa kila shamba."
"Mfadhili akalime yeye."
Akarudi kwenye orodha yake ya akina baba.

Ijumaa, 7 Machi
Mjinga Evarist amempelekea mwenyekiti wa chama orodha ya akina baba bila kuniambia. Nimechapa ya kwangu, nimepanda mlima kwa bodaboda, matope hadi magotini. Nimemkabidhi mwenyekiti mkononi. Nimemweleza kwa sauti ambayo jirani zake wameisikia. Wasikie.

Jumamosi, 8 Machi
Mwenyekiti alisimama akasoma majina kwenye orodha yangu, ukoo kwa ukoo. Watu wakaitikia. Wa ukoo wa Bibi Odilia waliitikia wote, hata wawili wasiosemeshana kwa miaka. Hakuna shamba la ukoo lililogawiwa. Evarist alikuwa anaangalia simu.

Jumapili, 9 Machi
Mvua tangu alfajiri. Milima haionekani. Evarist ameniondoa kwenye mradi, kwa ujumbe wa simu, bila salamu. Bibi Odilia kapiga simu, anasema udongo umelowa vizuri, kesho wanapanda njegere. Nimelala mchana kutwa.