Mama, Uje Kabla ya Alhamisi

Mama mpendwa,

Salaam aleikum. Magoti yako yanasemaje na upepo huu? Na Baba, bado anagombana na redio? Sisi hapa Burat, Isiolo, tunaamka salama, alhamdulillahi, ila mimi usingizi umenikimbia.

Halima, dadangu, najua ni wewe unayesoma na kumfasiria Mama kwa Kiborana. Ukifika mahali pabaya huwa unaruka na kusema, "Anasalimia sana." Leo usiruke hata neno.

Mama, nimeandika kwa sababu simu hainifai. Huko Korbesa mtandao unashika pale kichuguuni tu, na kila ukinipigia nasikia wazee nyuma yako wakiuliza bei ya mbuzi sokoni Isiolo. Nitasemaje mbele yao kwamba naogopa? Juzi uliniuliza hali, nikajibu niko sawa kabisa. Mficha uchi hazai, nami kuzaa ndiko kulikonifikia.

Mtoto amelala vibaya. Amekingama tumboni kama gogo mlangoni. Daktari alinipapasa, akamwita mwenzake, naye akanipapasa. Halafu wakasema nirudi Alhamisi nipasuliwe. Nilianza kucheka, nikacheka mpaka nesi akanishika bega, kumbe nalia.

Naogopa kisu. Naogopa ile dawa ya usingizi, nisije nikalala moja kwa moja. Hata nikiosha mitungi ya maziwa mchana kweupe, mikono inatetemeka na wateja wananiuliza kama nina malaria. Nawaambia ni baridi. Baridi gani, na jua la Isiolo unalijua!

Najua kwa nini hujaja. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kulala chini ya paa moja. Tangu niolewe umefika mjini, ukalala kwa watu, mimi nikaletewa salamu na siagi. Sikulaumu, ni heshima. Lakini nilipomwambia mume wangu kwamba hutakuja, alikuwa anafunga turubai la lori, na hakugeuka.

"Mwambie Mama nyumba ni yake," akasema. "Mimi nitalala kwa lori mpaka siku ataenda. Akipita huku, mimi napita kule. Lakini aje, Kabale. Hata mimi naogopa."

Mtu huyu hubeba ng'ombe kutoka Moyale, na njia ile unaijua ilivyokuwa na majambazi. Sijawahi kumsikia akitaja woga. Nilipomsikia, nikaketi chini pale pale nikaomba kalamu.

Barua hii nampa dereva wa gari la Merti, ataileta hapo Korbesa. Anarudi mjini Jumatano asubuhi, na ameniahidi kukuwekea kiti cha mbele ili magoti yasikusumbue. Usilete chochote. Najua utaleta, lakini usichelewe kwa sababu ya kutafuta.

Kuna neno ambalo sisi hatuambiani. Tunapeana maziwa, basi, yameisha. Mimi leo nalisema: nakupenda, Mama. Nakupenda sana. Halima, nimesema usiruke.

Nisalimie Baba, ila yeye umwambie nusu tu, moyo wake si wa kubebeshwa haya yote. Nyanya aniombee dua baada ya kila swala. Kaka aliye malishoni na ngamia apelekewe habari, na mkewe mnishukurie kwa shuka aliyoniletea. Halima, wewe baki na Baba, na umpikie vizuri.

Mama, nesi aliniuliza mtoto akitoka na mimi sijaamka, apewe mwanamke gani. Sikufikiri hata kidogo. Nilikutaja wewe, na nilipoulizwa wa pili ni nani, nikasema hakuna.

Binti yako anayekutazamia,
Kabale